Je, Nyongeza Huukuza Mchezo? Uhakiki wa "Beyond the Sword"

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Michezo hawakuipa nafasi kubwa, ingawa nayo ina watunzi, ina kanuni, ina hadhira, na ina mtazamo wake juu ya maisha ya binadamu. Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchezo mmoja wa kompyuta uitwao Civilization IV, na hasa nyongeza yake ya pili, Beyond the Sword, jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulifasiri kuwa "Kupita Upanga". Ni mchezo wa mikakati unaochezwa kwa kupokezana zamu kama bao: mmoja hufikiri na kutenda, mwenziwe hungoja.

Ziko sababu mbili za kuuleta mchezo huu mbele ya walimu wa Kiswahili. Ya kwanza ni kwamba wimbo wake wa ufunguzi ni wa Kiswahili. Ya pili ni swali linaloulizwa na kila anayeshughulika na kazi iliyotolewa upya kwa kuongezwa: je, kilichoongezwa kimeiboresha kazi, au kimeirefusha tu? Mwalimu hukutana na swali hili katika kamusi, katika vitabu vya kiada na katika mihtasari ya masomo. Mchezo unatupa nafasi ya kulichunguza kwa utulivu, kwa kuwa kanuni zake zi wazi na matokeo yake huonekana.

Kipimo chetu

Kabla ya kuhukumu, sharti tuwe na kipimo. Sisi wa Rumonge hatuna haja ya kukiazima mbali. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika mapokeo mawili ya michezo ya mashimo yanakaa jirani: igisoro ya Warundi, na bao lililokuja na Kiswahili. Yote miwili ina safu nne za mashimo manane, na kete 64. Lakini somo letu limo ndani ya bao lenyewe.

Anayeanza bao hupewa kwanza bao la kujifunza. Kete zote hupangwa mbili mbili katika mashimo 32, na mchezo huanza mara moja kwa mtaji. Akishakomaa huingizwa katika bao la Kiswahili. Hapo kila mchezaji huwa na kete 10 tu ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia. Kete 22 husalia mkononi, naye huziingiza moja moja, zamu baada ya zamu. Hiyo ndiyo hatua ya kunamua. Ikiisha ndipo mtaji huanza.

Tazama kilichoongezwa. Hakuna shimo jipya wala kete mpya. Ubao ni ule ule. Kilichoongezwa ni hatua moja na heshima ya shimo moja. Lakini kwa sababu ya nyumba, mchezaji ambaye kula kwake kumemfikisha nyumbani ana hiari ya kusimama au kuendelea na safari. Akisimama, anaihifadhi akiba yake. Akiendelea, anaitawanya kwa tamaa ya kula zaidi. Uamuzi huo mmoja ndio unaomfanya mtazamaji aliyesimama nyuma ya wachezaji ashike kiuno na kuguna.

Kutokana na hilo tunapata kanuni: nyongeza njema ni ile inayoutia uzito uamuzi wa mchezaji, nyongeza dhaifu ni ile inayozidisha idadi ya mambo ya kuhesabu. Kwa kanuni hii tutaipima kazi iliyo mbele yetu.

Mchezo wa asili

Civilization IV ulitolewa Oktoba 2005 na kampuni ya Firaxis Games ya Marekani, na msanifu wake mkuu alikuwa Soren Johnson. Mchezaji huongoza taifa moja tangu mwaka 4000 K.K. Hujenga miji, hulima, huvua, hugundua elimu mpya, hueneza dini, hufanya biashara na hupigana. Mataifa ya kuchagua yalikuwa 18. Njia za kushinda ni kadhaa: kuwateka wote, kutawala sehemu kubwa ya dunia, kurusha chombo cha kwenda nyota nyingine, kupata kura za mataifa, au kuikuza miji mitatu hadi utamaduni wake uwe na sifa isiyo kifani.

Sifa kuu ya mchezo wa asili ni kwamba kila mji una gharama. Mchezaji anayetapakaza miji bila hesabu hufilisika, na maarifa yake hudumaa. Kwa hiyo hata kabla ya nyongeza, mchezo ulikuwa umebeba uamuzi mzito: nijenge mji mwingine, au nitunze nilionao?

Wimbo wa ufunguzi, "Baba Yetu", ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa maneno ya Sala ya Bwana katika Kiswahili. Mwaka 2009 aliutoa tena katika albamu yake Calling All Dawns, na Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Basi mchezaji anapofungua mchezo, popote alipo duniani, husalimiwa kwa lugha yetu. Wimbo ukisha, maandishi yote humjia kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano au Kihispania. Tuliweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Nyongeza ya kwanza

Nyongeza ya kwanza, Warlords, ilitoka Julai 2006. Ilileta mataifa sita, miongoni mwao Wazulu chini ya Shaka na Wakartago chini ya Hannibal. Ilimpa kila mmoja jengo la pekee. Ilileta majemadari mashuhuri wanaozaliwa na mapigano. Na ilileta desturi ya taifa dhaifu kujisalimisha na kuwa chini ya himaya ya taifa lenye nguvu.

Desturi hii ya himaya ni nzuri kwa kanuni yetu. Zamani mshindi alilazimika kuuteka mji wa mwisho, kazi ndefu isiyo na shaka yoyote ndani yake. Sasa anaulizwa: umkubali adui yako awe mtii wako, pamoja na ugomvi wake wote, au uendelee kumwaga damu? Sehemu nyingine za Warlords zinapendelea vita tu, na hatuna haja ya kukawia hapo.

Nyongeza ya pili: fani

Beyond the Sword ilitoka Julai 2007, mwezi ule ule ambao Burundi, tarehe 1, iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo yake ni mengi. Tutayachambua yale makuu.

Kwanza, makoloni. Miji iliyo ng'ambo ya bahari sasa ina gharama ya ziada, na gharama hiyo hukua kadiri miji hiyo inavyoongezeka. Mchezaji anaweza kuipa uhuru, nayo ikawa taifa lililo chini ya himaya yake. Hapa msanifu amefanya kazi ya nyumba katika bao. Hakuongeza kitu cha kushika mkononi; ameongeza swali. Kusimama, au kuendelea na safari? Mchezaji mwenye pupa huendelea, na hazina yake humjibu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo bora kuliko yote katika nyongeza hii.

Pili, kampuni. Ziko saba, na kila moja hula mali ghafi fulani na kutoa manufaa fulani. Moja hutumia samaki, kaa, chaza na mchele, na mji wenye tawi lake hupata chakula na utamaduni. Msomaji wa Rumonge, aliyezoea kuona dagaa tuwaitao ndagala wakianikwa mchangani na mikeke ikipimwa sokoni, atauelewa mpango huu haraka kuliko mchezaji wa mji usio na maji. Ataelewa pia upande wake wa pili: mji wenye tawi hulipa gharama, na mji wenye makao makuu huvuna fedha. Samaki ni wa hapa, faida ni ya kule. Tena mfumo wa utawala una neno lake: taifa linalochagua umiliki wa dola huzifunga kampuni zote, na taifa linalolinda biashara yake ya ndani huzizuia za kigeni. Uchaguzi wa mfumo, ambao katika mchezo wa asili mara nyingi ulikuwa hesabu nyepesi, sasa umepata uzito.

Hata hivyo kampuni zina dosari mbili. Zinakuja zikiwa zimechelewa, wakati ambapo mshindi mara nyingi amekwisha kujulikana. Na kuzieneza ni kazi ya kutuma wakala mji kwa mji, kwa mkono, zamu nyingi. Hapo mchezo hurudi kuwa kuhesabu.

Tatu, ujasusi. Mapato ya taifa sasa hugawanywa mafungu manne badala ya matatu: hazina, elimu, utamaduni na ujasusi. Majasusi huiba maarifa, huharibu majengo, hutia sumu maji, huchochea ghasia. Nia ni njema, kwa kuwa taifa maskini hupata njia ya kumfikia tajiri bila vita. Lakini katika utendaji, wachezaji wengi huliacha fungu hili kama lilivyo, na huukumbuka ujasusi pale tu maji ya mji wao yanapotiwa sumu kwa mara ya tatu. Kitu ambacho mchezaji hukikumbuka kwa kero tu hakijawa uamuzi.

Nne, matukio ya bahati: moto wa misitu, vimbunga, milipuko ya volkano, na pia neema zisizotarajiwa. Mchezaji wa bao atayatilia shaka. Bao halina bahati nasibu. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Lakini dunia ya mkulima na mvuvi inayo bahati, na mchezo unaodai kuonyesha historia hauwezi kuikana kabisa. Matukio hayo ni mazuri pale yanapomtaka mchezaji achague jibu, na ni dhaifu pale yanapomwarifu hasara tu.

Tano, kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Kompyuta yenyewe inacheza kwa akili zaidi kuliko awali, hasa katika vita vya majini, na msingi wa maendeleo hayo ulikuwa kazi ya wachezaji wa kujitolea iliyopokelewa na watengenezaji. Mpinzani mwerevu huzipa uzito kanuni zote, za zamani na mpya. Kwa fani, basi, tunaweza kusema bila kusita kwamba nyongeza hii imeuboresha mchezo, ingawa si kwa kila kilichoongezwa.

Maudhui: waliokaribishwa na wasiokaribishwa

Tukigeukia maudhui, hukumu inakuwa nzito zaidi. Beyond the Sword ilileta mataifa kumi mapya, na jumla ikawa 34. Afrika ina matano: Misri na Mali yaliyokuwamo tangu mwanzo, Wakartago na Wazulu wa nyongeza ya kwanza, na Ethiopia ya nyongeza ya pili.

Ethiopia inaongozwa na Zara Yaqob, mfalme aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, na jeshi lake la pekee ni la Waoromo wenye bunduki. Mwanafunzi wa historia atashtuka. Waoromo walisambaa katika nyanda za juu za Ethiopia katika karne ya 16, baada ya mfalme huyo kufariki, na hawakuja wakiwa askari wa ukoo wake bali wakipambana nao. Watengenezaji wamechukua majina mawili yenye fahari na kuyafunga pamoja bila kuuliza kama wenye majina wangekubali.

Lakini linalotugusa zaidi ni Wareno. Nao wameletwa na nyongeza hii, wakiwa na merikebu yao ya pekee inayoweza kubeba walowezi kuvuka bahari mapema kuliko merikebu za wengine, na jengo lao la pekee ni kituo cha biashara cha pwani kinachozidisha mapato ya baharini. Je, Wareno wa historia walikwenda wapi na merikebu hizo? Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaiteketeza Mombasa. Miji hiyo ilikuwa ya Waswahili. Mchezo umempa mporaji merikebu, jengo na jina la mfalme wake. Aliyeporwa hayumo kati ya mataifa 34. Wimbo wake tu ndio umewekwa mlangoni.

Sisemi haya kwa kinyongo. Mtunzi wa wimbo aliichagua lugha yetu kwa mapenzi, na watu wengi wameijua kwanza kupitia kwake. Ninachosema ni kwamba nyongeza ni nafasi ya kuona kilichosahauliwa. Nafasi hiyo ilikuja mara mbili, na mara mbili ilipita.

Kwa nini Waswahili hawakuingia?

Mhakiki asiishie kulalamika. Inampasa atafute sababu. Nayo, nadhani, imo ndani ya muundo wa mchezo. Taifa la mchezo huu sharti liwe na mtawala mmoja, mji mkuu mmoja, na mpaka unaopanuka. Waswahili walikuwa na miji mingi na watawala wengi, kutoka Mogadishu na Lamu hadi Kilwa na Sofala, na kilichowaunganisha kilikuwa bahari, dini, biashara, na zaidi ya yote lugha.

Hapa Rumonge ushahidi uko mdomoni mwetu. Kiswahili kilifika ufukoni huku katika karne ya 19, pamoja na misafara iliyoishia Ujiji na mitumbwi iliyopanda ziwa kuelekea kaskazini. Katika misafara hiyo kulikuwa na pembe za ndovu, na kulikuwa na utumwa pia. Si historia ya kupambwa. Lakini hakuna mfalme wa Kiswahili aliyeitawala Burundi. Lugha ilikaa kwa sababu muuza mawese, mvuvi na mpiga kasia wa ng'ambo walihitaji kuelewana, na waliokaa wakaoa, wakazaa, wakafundisha watoto.

Sasa tuutazame mchezo. Una dini saba, na kila moja husafiri kutoka mji hadi mji kwa miguu ya mhubiri. Nyongeza imeleta kampuni saba zinazosafiri kwa mikono ya mawakala. Una utamaduni unaosukuma mipaka. Lugha haimo. Hakuna kanuni inayosema kwamba miji miwili yenye lugha moja hufanya biashara kwa urahisi zaidi, wala kwamba lugha ya wafanya biashara inaweza kuvuka milima na maziwa bila jeshi nyuma yake. Mchezo ulioanza kwa kuimba Kiswahili hauna namna ya kueleza jinsi Kiswahili kilivyofika Rumonge.

Kwa hiyo kuongeza taifa la thelathini na tano lenye jina la Waswahili, mfalme mmoja na mtepe kuwa merikebu yake, lingekuwa jambo la kupendeza lakini lingekuwa hesabu tu. Nyongeza ambayo ingeubadilisha mchezo kama kunamua kunavyolibadilisha bao la kujifunza ni ile ambayo ingeifanya lugha kuwa nguvu ya kushindaniwa. Ubao usingeongezwa hata shimo moja.

Michezo iliyofuata imesogea kidogo. Katika Civilization VI, wa mwaka 2016, Zanzibar imo kama dola ya mji mmoja, nayo humpa rafiki yake karafuu na mdalasini. Katika Civilization VII, wa mwaka 2025, Buganda ni taifa la kuchezwa. Ni hatua za kupongezwa. Lugha bado inangoja.

Hitimisho

Je, nyongeza imeuboresha mchezo? Kwa fani, ndiyo. Makoloni, kampuni na mpinzani mwerevu vimeutia uzito uamuzi wa mchezaji. Ujasusi na baadhi ya matukio ya bahati vimeuongezea shughuli tu. Anayetaka kuucheza na aucheze pamoja na nyongeza hii. Kwa maudhui, jibu ni nusu. Orodha ya wageni imerefushwa, lakini namna ya kumtambua mgeni haikubadilishwa.

Kwa mwalimu ipo kazi ya kufanya. Mafaili ya kanuni na maandishi ya mchezo huu yaliachwa wazi kwa makusudi ili wachezaji waweze kuyabadilisha, na baadhi ya kazi za wachezaji ziliingizwa na watengenezaji wenyewe katika nyongeza ya pili. Penye kompyuta na wanafunzi wenye hamu, kuyafasiri maandishi hayo kwa Kiswahili ni zoezi zuri la msamiati wa utawala, uchumi na bahari. Na pasipo na kompyuta, bao lipo. Wagawe wanafunzi wa darasa la juu katika makundi, wacheze kwanza bao la kujifunza, kisha bao la Kiswahili, kisha igisoro kwa kanuni za wazee wao, na kila kundi liandike insha fupi kueleza kanuni ipi iliwatia katika shaka ya kweli kabla ya kutupa kete. Insha hizo tungefurahi kuzisoma katika kurasa hizi.